Shule za junia zinatukumbuka wazazi zikitaka pesa tu, habari za watoto wetu hakuna!!

Wazazi wa gredi ya 7, 8 na 9 mko wapi, mimi nishachoka na leo lazima tuongee. Niko Mombasa, binti yangu yuko gredi ya 9 shule ya serikali, jina la shule sitaji kwa sababu mtoto bado yuko pale na sitaki aanze kuangaliwa vibaya. Mengine yote nasema.

Tangu mwaka uanze meseji zinazotoka shule ni za pesa. Pesa ya chakula, pesa ya kuchapisha mitihani, pesa ya mwalimu anayeajiriwa na BOM, bodi ya shule, pesa ya madawati, kila moja na peibili yake, namba ya kulipia kwa simu, na tarehe yake, ukichelewa inakuja ya pili imeandikwa herufi kubwa kama unagombezwa. Kwa hiyo namba zetu wanazo, na kuandika wanajua. Sasa mbona hakuna aliyeandika kwamba mwalimu wa sayansi ameondoka??

Nimejua kwa mtoto. Nilikuwa nakagua daftari nikaona limesimama mahali pamoja muda mrefu, nikamuuliza, akasema mama mwalimu alishaenda zamani, kipindi kikifika tunakaa tu, siku nyengine anakuja mwalimu mwengine anatuambia tusome kimya kimya. Gredi ya 9 hiyo jamani, mwaka wa KJSEA, mtihani wa kumaliza junia! Muhula unaishia na hakuna aliyeona kuna haja ya kumwambia mzazi.

Na mtu asinijibu hapa kuwa nawaonea walimu. Shida zao tunazijua. 2024 walimu wa intani wa junia, wale wa mkataba wa muda, waligoma nchi nzima, walikuwa wanalipwa elfu 20 kwa mwezi kabla ya makato, mmoja anabebeshwa masomo mpaka ambayo chuoni hakusomea. Mwalimu kama huyo akipata kazi pengine aende, mimi namuombea kheri. Hasira yangu ni kufichwa. Ningeambiwa siku alipoondoka ningetafuta kijana wa chuo amsaidie mtoto jioni, au wazazi tungekaa tukapanga pamoja, maana kuchanga tunachanga kila siku kwa mambo madogo kuliko hilo.

Ukienda kuuliza sasa ndio utajua hujui. Junia iliwekwa ndani ya shule za msingi 2023, baada ya lile jopo la rais la Profesa Raphael Munavu kusema watoto wa gredi ya 7 hadi 9 wabaki huko badala ya kwenda sekondari. Sawa, mimi nilifurahi hata, mtoto wa miaka 12 akae karibu na nyumbani. Lakini mpaka leo walimu wa junia na ofisi ya mwalimu mkuu wanavutana nani mkubwa wa nani, na anayeumia ni mzazi. Unaenda kwa mwalimu mkuu anakwambia mama hiyo kamuone naibu wa junia, unamtafuta naibu anakwambia mambo ya walimu na ratiba yako ofisi kuu, unarudi ofisi kuu mwalimu mkuu yuko mkutanoni, soja wa geti naye anakuuliza mama una apointimenti? Siku ya kazi imekwisha, biashara umefunga, na jibu huna.

Grupu la WhatsApp la darasa lipo, lakini limefungwa, wanaoandika ni maadmini peke yao. Zamani lilikuwa wazi, mzazi mmoja akauliza pesa ya mitihani imetumikaje, kesho yake likafungwa na hatukuambiwa kwa nini. Na wasio na simu ya WhatsApp je? Jirani yangu ni bibi analea wajukuu, mama yao yuko Saudia anafanya kazi za nyumba. Bibi ana kabambe yake, simu ndogo ya kupiga na kupokea, habari za shule anazipata mimi nikimpigia hodi. Siku niko safarini yule bibi hajui kitu, na mama mtoto kule anapiga usiku anauliza vipi shule, anaambiwa wako sawa tu.

Tuje kwenye ripoti. Mtoto analeta karatasi imejaa ME2, AE1, EE2, mzazi hajaelezwa hata siku moja. Mimi ilibidi nijifundishe mwenyewe kuwa ni ngazi nane, EE1 ndio ya juu ina pointi 8, BE1 na BE2 ziko chini kabisa, pointi 2 na 1. Wazazi wengi pale kwetu walisoma mambo ya alama 500 za KCPE, ule mtihani wa zamani wa darasa la nane, wakiona AE wanadhani ni A! Kuna baba alikuwa anasherehekea AE2 ya hesabu, anamwambia mtoto hongera, na AE maana yake mtoto bado hajafikia kinachotakiwa. Kweli shule inashindwa kuchapisha nusu karatasi ya kiswahili ikaeleza? Na hiyo ripoti ukiwa na deni hupewi!! Yaani unanyimwa kujua mtoto wako anaendeleaje kwa sababu ya pesa ya chakula.

Linaloniuma zaidi ya yote ni hili. Matokeo ya mwisho ya junia hayatoki kwa mtihani wa gredi ya 9 peke yake. KJSEA ni asilimia 60, KPSEA ya gredi ya 6 ni 20, na 20 nyengine ni zile SBA, tathmini wanazofanyiwa darasani gredi ya 7 na 8, walimu wanaingiza alama kwenye potali ya KNEC, baraza la mitihani. Asilimia 20 ya mwanangu imeshaingizwa na mimi sijui aliwekewa nini! Tulidhani ni kazi za darasani za kawaida, akiugua siku hiyo unamuacha nyumbani, unasema atafanya nyengine. Kama tungeambiwa mapema wiki hii kuna SBA na inahesabiwa, nani angemzuia mtoto nyumbani??

Halafu mkondo, yaani upande wa masomo mtoto atakaofuata kuanzia gredi ya 10. Kundi la kwanza 2025 walitakiwa wachague mkondo, STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu) au sayansi za jamii au sanaa na michezo, pamoja na mchanganyiko wa masomo, na shule 12 za gredi ya 10, za bweni na za kutwa. Hayo ni maamuzi ya familia, kuna nauli, kuna karo ya bweni, kuna mtoto mwenyewe anapenda nini. Mtoto wa shoga yangu, shule hiyo hiyo, walijaziwa darasani kipindi kimoja, watoto wananakiliana majina ya shule, mamake alikuja kujua Desemba majina yalipotoka, mtoto anayechora usiku na mchana kapelekwa STEM, shule ya bweni mbali huko hata nauli ya kumfikisha hana. Alilia yule mama. Alipoenda shule kuuliza akaambiwa mtoto alichagua mwenyewe. Mtoto wa miaka 14!! Mwaka huu zamu yangu, na mpaka leo ninapoandika hatujaitwa mkutano hata mmoja wa mkondo. Wa madawati tumeitwa.

Tusiambiwe kuwa tunaomba hisani. Sheria ya elimu ya msingi ya 2013 inasema kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wa chama cha wazazi, sio wale watatu wanaokaa na mwalimu mkuu wanakunywa soda. Katiba kifungu cha 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na shule ya umma ni serikali.

Mimi ninachotaka ni vitu vya kawaida. Mwalimu akiondoka tuambiwe wiki hiyo hiyo. Tarehe za SBA tuzijue kabla na alama tuonyeshwe kabla hazijapelekwa KNEC. Mkutano wa mkondo ufanywe jumamosi au jioni ambapo watu wa vibarua wanaweza kuja, watoto wawepo. Wenye kabambe watumiwe SMS ya kawaida, kwani ya pesa inatumwaje? Na ripoti isifungiwe kwa deni, deni tudaiwe kivyake.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Anayesema niende ofisi ya elimu ya sub-kaunti, nilienda, wakaniambia nianze na shule, na shule ndio hiyo nimewaeleza. Anayesema nihamishe mtoto, gredi ya 9 utamhamishia wapi na tathmini zake zote ziko pale? Mwalimu aliyeandika kwamba yeye kwake anawapigia wazazi kwa bando lake mwenyewe, Mungu akuzidishie mwalimu, lakini hiyo kazi haifai kutoka mfukoni mwako.

Nimeamua sasa ni maandishi. Sheria ya kupata habari ya 2016 inaruhusu kuomba kwa kiswahili, kuwasilisha ombi hakuna malipo, wana siku 21 za kujibu, na asiyejua kuandika afisa anatakiwa amwandikie, kwa hiyo hata yule bibi jirani tunakwenda naye. Wasipojibu tunapeleka kwa Ombudsman, ile tume inayopokea malalamiko ya raia dhidi ya ofisi za serikali. Naomba vitu vitatu, alama za SBA za mtoto wangu, tarehe mwalimu wa sayansi alipoondoka na nani amewekwa badala yake, na ratiba ya mkutano wa mkondo. Wazazi wengine wa darasa letu wamekubali kutia sahihi. Kuna mtu humu ashawahi kuandikia shule barua kama hiyo? Ulimwandikia mwalimu mkuu au mwenyekiti wa BOM? Mwenye nakala aiweke hapa leo, jumatatu asubuhi naipeleka.