Melanoma iliyosambaa: ipilimumab, nivolumab, au zote mbili?

Tabibu_Pwani: Wakuu, tulinganishe dawa hizi mbili zinazoamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani. Melanoma (saratani ya ngozi) imeshasambaa, mgonjwa bado ana nguvu. Mnaanza na ipi?

SeliT: Mkuu, zote zinaachia breki za seli T (askari wa kinga ya mwili), ila breki mbili tofauti: CTLA-4 na PD-1. CTLA-4 huibana seli T mapema, kwenye tezi za limfu, inapofundishwa adui ni nani, ipilimumab inaiziba. PD-1 hufanya kazi baadaye, seli T ikishafika kwenye uvimbe: saratani inaigusa kwa PD-L1, protini iliyo juu ya seli zake, seli T inalegea. Nivolumab inaikalia PD-1 ili isiguswe. Ndiyo maana ipilimumab huvuruga mwili zaidi, breki yake iko mlangoni kabisa.

Kwenye utafiti wa CheckMate 067, nusu ya waliopewa zote mbili walikuwa bado hai kufikia miezi 72. Nivolumab peke yake miezi 37, ipilimumab 20. Kuanza na ipilimumab peke yake leo? Sioni sababu.

Mfamasia_Zamu: Pamoja: nivolumab 1 mg/kg na ipilimumab 3 mg/kg, kila wiki 3, mara 4. Mtu wa kilo 60 anapata 60 mg na 180 mg. Kisha nivolumab tu, 480 mg kila wiki 4. Siku ya zote mbili nivolumab hutangulia, kila dawa na mfuko wake na kichujio chake. Chupa haitikiswi.

Nesi_Wodini: Miezi 72 ina gharama. Zikiunganishwa, zaidi ya nusu ya wagonjwa hupata madhara makali. Mzee dhaifu anayeishi mbali na hospitali, mimi nivolumab peke yake.

Kuharisha ndiko kunakodharauliwa. Mgonjwa akiongeza safari 7 au zaidi za choo kwa siku juu ya kawaida yake, dripu ya dawa hizi inasimama, prednisolone (steroidi ya kutuliza kinga) 1–2 mg/kg kwa siku inaanza, na inapunguzwa taratibu kwa wiki 4 hadi 6. Ukikata ghafla, kuharisha kunarudi. Siku 3 bila nafuu, infliximab (dawa nyingine ya kutuliza kinga) 5 mg/kg, lakini pima TB mapema, maana infliximab huamsha iliyolala. Loperamide (dawa ya kuzuia kuharisha) peke yake inaficha tatizo huku utumbo ukielekea kutoboka.

Tabibu_Pwani: Na uchovu na kichwa kuuma baada ya ipilimumab?

SeliT: Fikiria tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na inayoongoza tezi nyingine; kinga huenda imeishambulia. Pima kotisoli (homoni ya tezi za adrenali) pamoja na TSH na T4 (homoni zinazoonyesha hali ya tezi ya thairoidi). Zote zikiwa chini, haidrokotisoni, inayoziba pengo la kotisoli, itangulie. Ukianza na thairoksini (homoni ya thairoidi) unaweza kumwangusha mgonjwa kwa upungufu wa kotisoli.

Nesi_Wodini: Na hiyo haidrokotisoni mara nyingi ni ya maisha. Aambiwe mapema.