Paka katoroka siku ya kuhama, Segerea. Nianzie wapi?

MpangajiMpya:
Wakuu, habari zenu. Jumamosi nimehama Mabibo kuja Segerea. Vyombo kwenye kirikuu, paka nimempakata mwenyewe ndani ya tenga la kuku, juu nimefunga khanga. Tulipofika, kijana wa kushusha mizigo akafungua khanga eti aone kuku. Paka huyo, ukutani, kapotea. Leo siku ya tatu.

Ni dume, hajahasiwa, mweupe mwenye mabaka ya kahawia, ncha ya mkia imekatika. Anaitwa Kashata. Nimezunguka mchana kutwa nikimwita mpaka watoto wa mtaani sasa wananiita mimi Kashata. Jirani anasema keshajirudia Mabibo. Hivi kweli paka anavuka Barabara ya Mandela?

Kibega:
Mkuu, hapo karibu pana muuza mishkaki? Natania tu, pole.

MamaPakaSita:
Pole mwanangu, huyo wa mishkaki muache. Na Mabibo iache kwanza. Paka aliyeshushwa mtaa asioujua huwa haendi mbali, anajibanza kwenye uwazi wa kwanza anaouona. Utamwita, atakusikia, pengine anaiona miguu yako, na hatalia, maana akilia mbwa watamjua alipo.

Mchana unamaliza soli bure. Toka saa nane usiku, ila muage mlinzi wa mtaa kwanza usije ukaitiwa mwizi. Tochi ishike usawa wa jicho, piga magoti, mulika chini ya simtanki, kwenye rundo la tofali, nyuma ya mabati. Usitafute paka, tafuta macho. Yanarudisha mwanga.

Fulana uliyolala nayo usiifue, itandike mlangoni. Dagaa weka hapohapo tu. Ukisambaza utalisha paka wa kata nzima.

Mdau_Tabata:
Naunga mkono. Kuna utafiti wa paka waliopotea ulichapishwa 2018: robo tatu ya waliopatikana walikuwa ndani ya mita 500 kutoka walipotorokea. Ila dume asiyehasiwa akishauzoea mtaa ataanza kufuata majike, hapo ndipo atakwenda mbali. Wahi.

MpangajiMpya:
MREJESHO. Mama, Mungu akuweke. Usiku wa kwanza patupu, nimeambulia vyura na mlevi mmoja aliyenisaidia kuita. Jana saa tisa usiku, nyumba ya tatu kutoka kwangu, pagale lisiloezekwa: macho mawili ya kijani katikati ya tofali. Nilipita hapo mchana mara nne!

Nikakaa chini, nikafungua kimfuko cha dagaa, sikumwita. Ilichukua kama nusu saa. Alipofika mapajani nikamfunika fulana, akaning'ata kidole gumba.

MamaPakaSita:
Kidole umekiosha? Sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, kisha nenda hospitali leo hii. Kichaa cha mbwa paka naye huambukiza, na siku zote hizo hujui kakutana na nani. Na usimfungulie mlango wiki mbili tatu.

MpangajiMpya:
Nimetoka hospitali sasa hivi, nimechomwa sindano ya kwanza. Yeye kala, kakataa godoro, kalala kwenye lilelile tenga. Kijana wa kirikuu naye kanipigia, anauliza kama nina mzigo mwingine.