Baba aliumia kichwa, kaandikiwa dawa ya kolesteroli. Nimpe?

MwanaWaKwanza:
Wakuu, shikamooni. Baba yangu ana miaka 71. Mwezi uliopita alianguka na bodaboda, akajigonga kichwa, akainuka mwenyewe akarudi nyumbani. Wiki hii kichwa kinamuuma, mguu wa kushoto anauburuta. Kipimo cha CT kimeonyesha damu ya siku nyingi kati ya fuvu na ubongo. Daktari kasema si nyingi, upasuaji usubiri kwanza, kamwandikia atorvastatini miligramu 20 kila siku kwa wiki 8. Kusoma karatasi ya ndani, ni dawa ya kushusha kolesteroli! Baba kolesteroli yake haina shida. Dada anasema tumepewa dawa siyo. Naogopa kumpa, naogopa kutompa.

Kibatari77:
Pole mkuu. Rudisheni famasi, hapo wamechanganya.

NesiZamuYaUsiku:
Msirudishe. Pole sana mdogo wangu. Damu ile hujizungushia utando wenye vimishipa dhaifu vinavyovuja kidogo kidogo, ndiyo maana dalili huchelewa wiki kadhaa. Statini, mbali na kolesteroli, hutuliza utando huo na kusaidia vimishipa kukomaa viache kuvuja. Uchina walijaribu dozi hiyohiyo, wakatoa matokeo 2018: kati ya wagonjwa 98 waliomeza atorvastatini, 11 waliishia kupasuliwa, kati ya 98 waliomeza kidonge kisicho na dawa, 23. Wote walikuwa wasiohitaji upasuaji wa haraka, kama mzee. Asikudanganye mtu kwamba inatibu kila jeraha la kichwa.

Akitapika, akisinzia kupita kawaida au mguu ukizidi kulegea, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo. Misuli ikimuuma au mkojo ukiwa na rangi ya strungi, mwambieni daktari. Kuna dawa nyingine anameza?

MwanaWaKwanza:
Aspirini ndogo kila asubuhi, ya moyo. Hatukuulizwa, nasi hatukusema.

NesiZamuYaUsiku:
Hiyo ndiyo inayonitisha mimi. Aspirini inazuia damu kuganda. Msiikatishe wenyewe, moyo nao unaitegemea, ila mpigie daktari leo, kabla ya kidonge cha kesho.

MwanaWaKwanza:
Nimempata. Aspirini kaisimamisha, Jumatatu tunampeleka akaangaliwe na moyo. Atorvastatini kameza jioni hii. Dada ndiye aliyemshikia kikombe cha maji.