Wakuu, naombeni ushauri: riwaya yangu imekwama sura ya mwisho

Wino Mkavu (mleta uzi)
Heshima kwenu wakuu. Mimi ni mtu mzima, miaka 41, nimeandika riwaya kwa mara ya kwanza, kurasa 240 hivi. Kijana anampenda binti, anamwacha anakwenda kutafuta maisha. Binti anamwandikia barua, ya mwisho inapotelea njiani, kila mmoja anaoa na kuolewa kwingine. Miaka 20 baadaye wanakutana. Barua zote 11 nimeziweka kama zilivyo. Nimekwama hapo kwenye kukutana: warudiane au kila mtu ashike njia yake? Mhariri anasubiri, usingizi sina. Matusi bakini nayo.

Mama Pacha
Warudiane. Tunalia vya kutosha huku nje, tukalie na kitabuni tena?

Kobe Mzee
Waachane. Mimi niliyemwacha mwaka 1994 nilikuja kumkuta kwenye foleni ya benki. Nikajipanga, maneno yote ya miaka yote yako mdomoni. Akageuka: "Samahani kaka, unaweza kusogea kidogo?" Hakunitambua. Nikasogea.

Fundi Cherehani
Hahaha Mzee, mpaka leo unasogea tu.

Msomi Asiyelala
Mleta uzi, umekwama palipomkwamisha Dickens, yule mwandishi Mwingereza. Mwisho wa kwanza wa riwaya yake Great Expectations ulikuwa wa kuachana. Rafiki yake Bulwer-Lytton akamshauri aulegeze, akaulegeza, kitabu kikatoka mwaka 1861 na wasomaji hawajamaliza kubishana. Mimi nauona ule wa kwanza ndio wenyewe. Ila umeandika barua umeziweka "kama zilivyo". Zilivyo wapi?

Wino Mkavu
Mkuu, hilo halihusiani na swali langu.

Fundi Cherehani
Linahusiana. Jibu.

Wino Mkavu
Haya. Ni za kweli. Aliniandikia mimi, miaka 26 iliyopita, ninazo kwenye sanduku. Nilipewa, ni zangu. Majina nimebadilisha yote. Na mkataba na mchapishaji nimeshasaini, kwa hiyo msianze kuniambia niache.

Mama Pacha
Yaani mwanamke wa watu ametulia na familia yake, anaingia duka la vitabu anakuta machozi yake ya usichana yamepangwa rafuni! Mkeo anajua? Nyie wanaume mkizeeka ndio mnakumbuka mlikuwa mnapendwa.

Msomi Asiyelala
Karatasi ni zako, maneno ni yake. Hakimiliki ya barua hubaki kwa aliyeiandika, si kwa aliyeipokea. Unaweza kuzitunza, unaweza kuzificha, ila kuzichapa bila ruhusa yake ni kesi. Kwa nchi zilizo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ulinzi huo ni maisha yake yote na angalau miaka 50 baada ya kufa. Rudi kwenye mkataba wako, tafuta kifungu kinachosema unathibitisha kazi yote ni yako. Aghalabu kipo. Mwombe ruhusa, au zitungwe upya kwa maneno yako.

Na hilo la majina lisikudanganye. Goethe, mwandishi Mjerumani, alipotoa riwaya ya Werther mwaka 1774, Charlotte Buff, aliyewahi kumpenda, na mumewe Kestner walijiona mle ndani, na Kestner alilalamika kweli kweli. Toleo la 1787 ikabidi yule mume apakwe rangi nzuri kidogo.

Wino Mkavu
Nikizitunga upya zinakufa. Nimejaribu. Yeye anaandika vizuri kuliko mimi, hiyo ndiyo shida.

Jicho la Tatu
Wakuu mnakunywa chai hivi hivi. Pigeni hesabu: ana miaka 41, barua za miaka 26 iliyopita. Alikuwa na miaka 15! Mtoto wa miaka 15 kamwacha mchumba kaenda kutafuta maisha? Halafu barua ya mwisho imepotelea njiani, lakini zote 11 ziko sandukuni. Iliyopotea kainakili wapi? Huu uzi ndio sura ya mwisho yenyewe, jamaa anatuandikisha bure.

Fundi Cherehani
Kama natumika, mhusika wangu awe mrefu.

Mama Pacha
Mleta uzi mbona kimya?

Wino Mkavu
Nipo. 41 ni umri wa mhusika. Mimi nina 47. Nimekaa naye muda mrefu mpaka nachanganya, mniwie radhi.

Jicho la Tatu
Na barua?

Wino Mkavu
Haikupotea.

Kobe Mzee
Ilifika?

Wino Mkavu
Ilifika. Niliisoma nimesimama mlangoni, hata begi sijatua. Nikairudisha kwenye bahasha. Nilijiambia nitajibu nikishapata kazi. Kazi nikapata.

Kobe Mzee
Kwa hiyo kitabuni lawama kabebeshwa posta.

Wino Mkavu
Ndiyo mzee wangu.

Mama Pacha
Alikuuliza nini?

Wino Mkavu
Kama anisubiri.

Jicho la Tatu
Mimi bado nasema chai. Ila hiyo ya mlangoni na begi ukiiandika, niite nije kusoma.