Kuwasha upya serva ya faili ukiwa mbali: SSH, WoL, prizi ya Wi-Fi au ESP8266?

Himbi_98 (Goma)
Wandugu, jambo. Serva ni PC ndogo ya Intel, Debian (aina ya Linux) na Samba (programu ya kugawa faili kwa Windows), inalisha faili kwa mashine mbili za Windows 98. Iko nyumbani Himbi. Intaneti ni modemu ya kadi ya simu, haina anwani ya umma. Ikiganda wakati nyumbani hakuna mtu, njia gani ni ya kutegemea?

Ibanda64 (Bukavu)
Ndugu, kwanza jua kilichoganda ni nini. Mara nyingi mashine ni nzima, Samba ndiyo imekwama. Ingia kwa SSH (kuandika amri ukiwa mbali), piga `sudo smbstatus -L` uone faili zilizo wazi, kisha `sudo systemctl restart smbd nmbd`. Ukikata wakati Windows 98 inaandika, faili inabaki nusu.

Jina la serva linaweza kukawia dakika kadhaa kurudi kwenye orodha ya mtandao. Usiwashe tena mashine kwa sababu hiyo. Andika `192.168.1.10 SERVA` ndani ya C:\WINDOWS\LMHOSTS (jina lisiishie na .SAM), utaifikia bila kungoja orodha.

Kuhusu modemu: kodi serva ndogo yenye anwani ya umma, weka WireGuard (njia ya siri, yaani VPN, kati yake na nyumbani), na upande wa nyumbani `PersistentKeepalive = 25` ili njia ibaki wazi. Usifungue mlango 445 (ule wa Samba) kwa nje hata siku moja. Windows 98 inahitaji SMB1, lugha ya zamani ya kugawa faili, ambayo Samba imeizima yenyewe tangu toleo 4.11 la mwaka 2019, kwa sababu za usalama.

Katuba_486 (Lubumbashi)
Yaya Ibanda amesema vema, ila SSH haifai kitu kernel (kiini cha Linux) ikifa.

WoL (Wake-on-LAN, pakiti ya mtandao ya kuamsha) inawasha mashine iliyozimwa, iliyoganda haiisikii. Pakiti yake ni baiti 102 (FF mara 6, halafu anwani ya MAC mara 16), na kwa kawaida haivuki rauta, kwa hiyo lazima itumwe na kifaa kilicho ndani ya nyumba. Tena umeme ukikatika kabisa, kadi nyingi za mtandao zinasahau `wol g` (mpangilio unaoruhusu WoL) mpaka Linux iwake tena. Kwa miji yetu hapo ndipo inapokuangusha.

Prizi ya Wi-Fi inafika hata kwa mashine iliyoganda, lakini ni kung'oa waya. Zima, hesabu sekunde 15 kapasita ziishiwe, ndipo uwashe. BIOS (mipangilio ya bodi) iwe na `Restore on AC Power Loss: Power On`. Pima na betri ya CR2032: ikiisha, BIOS inarudi ya kiwandani, na mashine italala gizani huku prizi inawaka.

Mimi nachagua ESP8266 (bodi ndogo yenye Wi-Fi) kwenye pini za RESET za serva, ibonyeze badala ya kidole. PC817 moja (swichi inayoendeshwa kwa mwanga), rezista moja ya ohm 330. Kutoka GPIO5 (imeandikwa D1) pitia rezista hadi mguu 1 wa PC817. Mguu 2 kwa GND ya ESP. Mguu 4 kwa pini ya RESET yenye volti, mguu 3 kwa ile nyingine. Hakikisha kwa voltimita, ukigeuza haitafanya kitu. Mpigo wa milisekunde 300 unatosha. Usitumie D3 wala D4: hizo zinachezacheza ESP inapowaka, kwa hiyo kila umeme ukirudi serva ingebonyezwa peke yake.

Himbi_98 (Goma)
Asante sana, Katuba. Na modemu nayo ikiwa haina mtandao, hiyo ESP nitaifikiaje?

Ibanda64 (Bukavu)
Hutaifikia. Kwa saa hiyo weka mlinzi wa ndani (watchdog, saa inayowasha upya mashine ikiganda): `RuntimeWatchdogSec=30` katika /etc/systemd/system.conf. Kwa bodi ya Intel angalia `lsmod | grep iTCO`. iTCO_wdt (dereva ya mlinzi huyo) isipoonekana, ipakie. Kisha jaribu ukiwa umekaa mbele ya mashine: funga faili zote, piga `sync`, halafu `echo c | sudo tee /proc/sysrq-trigger`. Kernel itakufa papo hapo. Isipojiwasha yenyewe ndani ya dakika moja hivi, mlinzi hafanyi kazi. Usiondoke Himbi bado.