Wamefuta jina langu kwenye programu ya watoto, sasa wananiletea mkataba. Nisaini?

Mwana_Kisauni
Wakuu, salaam. Naomba mnisome hadi mwisho, maana Ijumaa natakiwa kutoa jibu.

Mwaka juzi nilitengeneza programu ya kuwafundisha watoto kusoma Kiswahili. Msimbo (maandishi yanayoiendesha programu) niliandika mwenyewe usiku baada ya kazi, picha nilichora mimi, na sauti zote ni za dada yangu mkubwa. Tulirekodi chumbani kwake, blanketi tumelitundika mlangoni kuzuia kelele. Nikaiweka GitHub, tovuti ambako watu huhifadhi na kushirikishana msimbo. Kwenye leseni, yaani masharti ya wengine kuitumia, nilichagua ile iitwayo MIT kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikiiona kwenye miradi ya wengi.

Mwaka jana shirika moja la elimu likaniuliza kwa barua pepe kama linaweza kuitumia madarasani. Nikajibu, "Karibuni, itumieni." Nilifurahi sana siku hiyo. Mwezi uliopita binti wa jirani karudi na kishikwambi cha shule. Nafungua, nakuta kazi yangu. Ukurasa uliokuwa na jina langu na la dada una nembo yao tu. Nikabonyeza herufi J. Jogoo akawika, kisha kikasikika kikohozi kidogo. Kikohozi hicho ni cha dada. Siku ile tulishindwa kukikata tukakiacha.

Nilipowaandikia hawakukana. Wameniletea "makubaliano ya ushirikiano" na ahadi ya shilingi 40,000. Pesa nazihitaji, kodi ya nyumba imenibana. Nisaini?

Fundi_Thika
Pole kaka. Kosa lilianzia kwenye MIT, maana inamruhusu mtu kunakili, kubadilisha, hata kuuza. Badilisha leo uweke GPL, leseni inayomtaka anayeisambaza programu atoe na msimbo wake kwa masharti yale yale, uwabane.

BintiPate
Fundi, hapo sikubaliani nawe. Toleo lililokwisha kutoka na MIT limeshatoka. Akibadili leo, leseni mpya itashika matoleo yajayo tu. Lakini hata MIT ina sharti lake: tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni yabaki katika kila nakala. Kama wameyaondoa, wameivunja leseni iliyo laini kuliko karibu zote.

Mwana Kisauni, jambo linalonikera zaidi ni kwamba mradi wako una kazi tatu ndani yake: msimbo, picha na sauti. MIT inazungumzia programu na nyaraka zake. Picha na sauti ungeziwekea leseni yake, kwa mfano mojawapo ya zile za Creative Commons, shirika linalotoa leseni huria za picha, sauti na maandishi, na wao Creative Commons wenyewe hushauri leseni zao zisitumiwe kwenye msimbo. Je, dada yako alikusainia popote?

Mwana_Kisauni
Hapana. Ni dada yangu, sikuwaza kumwandikisha.

Kalamu_ya_Mikataba
Bandika hapa kifungu cha umiliki, neno kwa neno.

Mwana_Kisauni
"Programu, picha na sauti ni kazi iliyoagizwa na Shirika, na haki zote ni za Shirika tangu siku kazi ilipoanza."

Kalamu_ya_Mikataba
Usisaini hicho. Rudia kusoma neno "iliyoagizwa". Katika Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, kazi ikiagizwa na mtu, au ikifanywa na mwajiriwa katika ajira yake, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa kama mmepatana vingine. Wewe hukuagizwa na yeyote. Wanataka ukiri kwa mkono wako jambo ambalo halikutokea.

Kifungu cha 33 kinasema hakimiliki haihamishwi bila maandishi yenye saini ya mwenyewe. Ile "karibuni, itumieni" yako ni ruhusa ya kutumia, na ruhusa ya namna hiyo hata kwa mdomo hupita. Umiliki hawana hadi leo, ndiyo maana wanaifuata saini yako. Hizo 40,000 hazilipii vishikwambi vilivyokwisha kugawiwa, zinanunua kazi nzima pamoja na koo la dada yako.

Suala la jina liko kifungu cha 32: haki ya kutambuliwa kuwa mtunzi inasimama peke yake, hata haki za kiuchumi zikiuzwa.

Nikuulize: hiyo "kazi" ya mchana ni ipi? Kama mwajiri wako anatengeneza programu, soma mkataba wako wa ajira kwanza.

Mwana_Kisauni
Nauza vipuri vya pikipiki.

Kalamu_ya_Mikataba
Basi hapo uko salama.

Mdau_Dodoma
Ushahidi, ndugu yangu, ukusanye kabla hawajasasisha programu yao. Rekodi video ya kishikwambi, na hicho kikohozi kisikike. Hifadhi faili asili za sauti na historia yote ya mabadiliko kule GitHub. Huko Kenya ushahidi wa kielektroniki huambatana na cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, mwone wakili akuandalie. Kazi pia iandikishe KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Haki unayo tangu ulipoitunga, ila cheti kinakupunguzia maneno.

Mahakama iwe hatua ya mwisho. Ufaransa kampuni ndogo ya Entr'Ouvert iliishtaki kampuni kubwa ya simu, Orange, kwa kuitumia Lasso, programu ya Entr'Ouvert yenye leseni ya GPL, kwenye tovuti ya huduma za serikali. Entr'Ouvert ilishinda, lakini hukumu ya rufaa ya Paris ilitoka Februari 2024, zaidi ya miaka 10 tangu kesi ianze.

Mwana_Kisauni
Nimerudi, wakuu. Sikusaini. Niliwaandikia kwamba majina mawili yarudi, kifungu kile kitoke, na picha na sauti tuziandikie leseni ya kutumia kwa muda na kwa malipo. Majina wamekubali. Mengine wanataka kikao Jumatano.

BintiPate
Nenda na dada. Na kabla hamjaondoka nyumbani, yeye na wewe mwandikiane yenu kwanza, muweke na mgao wake.

Mwana_Kisauni
Tunaandika usiku huu. Kasema anataka nusu ya sauti na nusu ya jogoo, maana jogoo ni wake.