Tupeane uzoefu: uliambiwa "kule hakuaminiki mtu", ulipofika ukakuta nini?

Wakuu, salaam.

Nilipohamishwa kikazi, kila aliyeniaga alinipa onyo lile lile: watu wa upande ule ni matapeli, usimwamini mtu. Miezi mitatu nikaishi na begi kwapani. Jioni moja nikasahau pochi kwenye basi. Asubuhi namkuta kondakta kituoni ananisubiri, pochi kaifunga kwa mpira ndani ya mfuko. Noti zote zimo, hata kile kikaratasi chenye namba ya mama. "Nilijua utapita hapa," akasema. Nilishindwa kumtazama usoni, kwa sababu jana yake nilihesabu chenji yake mara mbili mbele ya abiria wenzangu.

Kuna jaribio lilichapishwa mwaka 2019. Pochi zaidi ya 17,000 zilikabidhiwa mapokezi ya benki, hoteli na ofisi katika miji 355 ya nchi 40, kana kwamba zimeokotwa. Uswisi na nchi za Skandinavia zikaongoza, China ikawa mkiani. Lakini walichopima ni nani amemwandikia mwenye pochi barua pepe. Watafiti wengine waliporudia jaribio hilo China na kuangalia pia kama pochi imetunzwa, wakakuta nyingi ziko salama, zinamngoja mwenyewe. Hilo linaniuma. Taifa zima lilipewa jina kwa sababu ya barua pepe!

Nawe ulikutana na nini?

Mpangaji: Mimi yangu ni kinyume, mkuu. Ugenini nilikuwa macho kwa kila mtu, isipokuwa mmoja aliyenisalimia kwa lugha ya nyumbani. Akanitajia kijiji, akanitajia mpaka ukoo. Nikampa kodi ya miezi sita bila risiti, maana ningeanzaje kumdai risiti ndugu? Siku ya kuhamia tukakutana watu watatu mlangoni, kila mmoja na ufunguo wake. Wageni wote niliowaogopa hawakunichukulia hata senti.

Mama Pacha: Pole sana, Mpangaji. Huku nilikoolewa duka linaachwa wazi, mwenye duka kaenda msibani, unachukua unachotaka unaacha hela. Nilidhani ni wema wa asili. Kumbe kila mtu anamjua mwenzake mpaka babu yake, ukiiba utahama. Akipita mgeni, wanafunga.

Wa Upande Ule: Naandika kama mtu anayetoka huko mnakoonywa. Nimewahi kukubaliwa chumba kwa simu, nilipotaja kwetu kikawa "kimeshachukuliwa". Kazini ikipotea chaja, macho yote kwangu. Msiseme ni damu. Wachumi Nathan Nunn na Leonard Wantchekon walionyesha mwaka 2011 kwamba jamii za Afrika zilizoporwa watu wengi zaidi enzi za biashara ya utumwa, uzao wao mpaka leo huwaamini kidogo hata ndugu na majirani. Watu wengine waliuzwa na waliowafahamu. Jeraha kama hilo mzazi humrithisha mtoto kwa kumkanya tu: usifungue mlango.

Mwanzisha mada: Ndugu yangu, nimekusoma mara mbili. Yule kondakta naye anatoka kwenu. Sijawahi kumwomba radhi kwa ile chenji, na bado napanda basi lake.